Kupanda Kolo msimu wa kipupwe: acha kuanzia kwenye koti

Mwalimu mmoja wa Chamwino ameniandikia. Anataka kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, mwezi huu wa saba, na swali lake la kwanza ni koti la aina gani anunue. Karibu kila anayeniuliza habari za kutembea milimani msimu wa baridi anaanzia hapo hapo kwenye koti. Mwalimu wangu, anza na maji.

Alfajiri ya Julai mkoani kwetu ina baridi kweli, na vilima vya Irangi, iliko michoro, viko juu kuliko Dodoma mjini, kwa hiyo huko inazidi. Lakini hewa ni kavu na upepo wa kusini-mashariki hauchoki kuvuma. Jasho linakauka kabla hujalihisi. Mtu anatembea saa mbili, shati halijalowa, anaamini hajapoteza kitu. Kufika saa saba mchana kichwa kinagonga na miguu inakakamaa, anasingizia jua. Amekaukiwa maji. Beba lita 3 kwa kila mtu, unywe mafunda machache kila nusu saa hata kama kiu hakijakujia. Lita moja kati ya hizo itie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kisawazishwe, kisiwe na kilima, maana chumvi ikizidi inadhuru. Pakia na karanga na viazi vitamu vya kuchemsha. Biskuti kavu hazishuki koo likiwa limekauka.

Sasa nguo. Vaa tatu nyembamba badala ya moja nzito: shati la mikono mirefu, sweta, na koti jepesi la kuzuia upepo. Sweta livuliwe kabla ya kuanza kupanda, wakati bado unasikia baridi kidogo. Ukingoja mpaka upate joto, tayari limenyonya jasho, na sweta bichi mwilini ukipumzika ni ugonjwa. Wengi hapo ndipo wanapoharibikiwa. Julai jua la mchana linaegemea kaskazini, kwa hiyo kivuli cha mwamba kinaangukia upande wa kusini, na upepo nao unatokea huko huko. Unapokimbilia kupumzika ndipo baridi ilipo. Basi ukikaa, sweta na koti virudi mwilini mara moja, ukiinuka vitoke. Ni usumbufu, lakini ndio unaokufikisha jioni ukiwa mzima.

Kutoka Dodoma hadi kijiji cha Kolo ni kilomita 180 hivi, lami tupu, barabara ya Babati. Ondoka saa 12 asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza. Ukishuka Kolo pita kwanza kwenye ofisi ya michoro: kibali kinatolewa hapo na mwongozaji unampata hapo. Usijaribu kumkwepa ili kuokoa hela. Mapango mengine hayaonekani hata ukiwa hatua 20 karibu nayo.

Toka barabarani hadi chini ya kilima ni kilomita 9 hivi za vumbi na mchanga wa makorongo. Gari dogo linazama. Ushauri wangu ni kwenda kwa miguu asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha mpatane na bodaboda waje kuwachukua saa 9 alasiri. Mtandao haushiki kila mahali nyuma ya vilima, kwa hiyo patana saa kamili na mahali kamili kabla hamjaachana. Mkiwa njiani tazama makorongo yenyewe. Ardhi hii ilimomonyoka mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi. Vichaka unavyoviona vikishika udongo leo vilirudi baada ya hapo. Naomba uliheshimu jambo hilo: fuata njia, usikate kona kwenye mteremko.

Viatu viwe na soli ngumu. Mwiba wa mgunga unatoboa kandambili na raba laini bila kusita. Kucha zikatwe siku mbili kabla, na kamba zikazwe upya kwenye kifundo kabla ya kushuka, la sivyo vidole vinagonga mbele ya kiatu njia nzima. Changarawe juu ya mwamba huteleza kuliko mwamba mtupu, hivyo shuka kwa hatua fupi, mguu umeukingamisha. Asubuhi nyoka huota jua mawemawe, na kifutu hakimbii akisikia mtu: usitie mkono usipopaona. Msimu huu pia maganda ya upupu yamekauka na upepo unapeperusha manyoya yake. Ukiguswa usisugue wala kujikuna. Bandika utepe wa gundi na ubandue, manyoya yatoke nao, halafu ndipo uoshe.

Ukifika kwenye michoro, simama dakika chache bila simu. Macho yaliyotoka kwenye jua hayaoni kitu. Yakizoea kivuli, watu wembamba warefu wa rangi nyekundu wanajitokeza, na twiga, na tembo. Michoro myeupe kwa kawaida ni ya baadaye. Michirizi myeupe inayotiririka mwambani mara nyingi si mchoro bali ni mkojo wa pimbi uliokauka. Usimwagie maji ili rangi ing'ae, usiguse, usiwashe mwanga wa kamera. UNESCO waliiingiza michoro hii katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini Warangi, wenyeji wa huku, walikuwa wanapaheshimu kabla ya cheti hicho. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya sehemu zenye michoro hii, ni mahali pa tambiko hadi leo. Ukikuta watu wako kwenye shughuli yao, rudi nyuma na umsikilize mwongozaji.

Umeuliza pia kama unaweza kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili. Unaweza, ila usiwapandishe wote kwa mpigo. Gawa makundi ya watoto 10, kwa sababu chini ya mwamba ni pafinyu na wa nyuma wakisukuma, wa mbele anaegemea mchoro. Mwongozaji atangulie, wewe ukae mwisho kabisa ukiwa na begi la dawa na lita 5 za akiba. Kagua chupa ya kila mtoto kabla ya kupanda: isiyopungua hata kidogo kufikia hapo ndiyo ya yule utakayembeba jioni.