Jibu: Kijana wa stendi aliyekamatwa kwa uzururaji

Ndugu, umeuliza umsaidieje kijana wa miaka 16 anayelala stendi hapa Dar es Salaam, aliyekamatwa usiku kwa uzururaji na hana cheti cha kuzaliwa. Anza na umri, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na pakiwa na shaka mahakama yenyewe ina wajibu wa kuuchunguza umri huo. Kijana mmoja niliyewahi kumsindikiza alikuwa na kadi ya kliniki iliyochakaa, ameikunja ndani ya soksi, nayo ilisaidia kuthibitisha umri wake kuliko maelezo yetu yote. Wahi kituoni asubuhi, kabla hajapelekwa mahakamani, uombe afisa ustawi wa jamii aitwe. Mtafute pia msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa asiye na uwezo huduma ni bure, hivyo ukidaiwa hela ya “fomu”, shtuka. Mkumbushe msaidizi huyo kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni mwezi Desemba 2020 kuwa sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ingawa maoni hayo peke yake hayamtoi mtu mahabusu.