Re: MRI ya kichwa kwa mdogo wangu mwenye ugonjwa wa Wilson

Dada wa Ngamiani, pole. Umeuliza kama MRI ya ubongo, yaani kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa, itamdhuru mdogo wako kwa mionzi. Haina mionzi, ni sumaku. Makelele yake tu ndiyo karaha. Avue saa, mkanda, na hirizi kama ina bati. Mwambieni mpiga picha mapema kuwa mikono inatetemeka, maana akitikisika picha inaharibika.

Katika ugonjwa wa Wilson mwili hushindwa kutoa madini ya shaba. Picha inaweza kuonyesha madhara ya shaba iliyojikusanya kwenye ubongo, hasa sehemu za ndani zinazoongoza mwendo. Peke yake haitoshi. Kabla ya kupanda basi la Dar kwa hiyo MRI, muulizeni daktari wa hospitali ya Bombo, Tanga, kuhusu vipimo vya damu, mkojo unaokusanywa kwa saa 24 na macho.

Ugonjwa huu una dawa, msicheleweshe. Nanyi ndugu wa baba na mama mmoja mpimwe, hata mkijiona wazima: kila mmoja ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa nao.