Kutumwa Kondoa kuhesabu stoo? We nenda tu

Mdogo wangu, unauliza ukwepe vipi safari ya Kondoa, maana bosi kakupa kazi ya kuhesabu vifaa vya stoo siku tatu na wenzako wamebaki Dodoma na kiyoyozi chao. Usikwepe aisee. Mi nilitupiwa hiyohiyo, nikanuna tangu tunatoka mjini mpaka tunapita Chemba, na stoo yenyewe vumbi tupu, nahesabu viti vibovu huku panya ananiangalia.

Sasa siku ya pili tukamaliza mapema, dereva akasema twende Kolo kuona michoro ya kale ya miambani, ni barabara hiyohiyo ya Babati. Mnachukua muongozaji pale, mnapanda kilima, jua linachoma kweli, halafu unakuta kwenye mwamba watu wembamba warefuu wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwani kama wana manywele makubwa, na wanyama pembeni, basi nikabaki nimekodoa tu. UNESCO waliiweka michoro hiyo ya Kondoa urithi wa dunia 2006 na mi miaka yote niko Dodoma sijawahi kufika!

Ila posho udai kabla hujaondoka, na beba raba, sio hizo sendozi zako.