Jibu: Umerudi Dar kutoka Marekani, uanzie wapi kanisani?

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza kama wewe uliyezoea parokia ya Episkopali huko Marekani utapata pa kusali na pa kujitolea hapa Dar. Utapata. Episkopali na Kanisa Anglikana Tanzania yote yamo katika Ushirika wa Kianglikana, yaani familia moja ya makanisa ya Kianglikana duniani, kwa hiyo mpangilio wa ibada hautakushangaza. Kama unakaa karibu na mjini, anza na kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Albano. Muone padre mapema, na uende na cheti chako cha kipaimara.

Ibada ikiisha usikimbilie daladala. Subiri matangazo, maana hapo ndipo utasikia mazoezi ya kwaya, usafi wa kanisa na zamu za kutembelea wagonjwa. Wageni wakiitwa, simama ujitambulishe.

Ila mimi ningekusihi sana ujiunge na Umoja wa Mama, chama cha akina mama wa Kianglikana, kile kilichoanzishwa na Mary Sumner Uingereza mwaka 1876. Akifiwa mwenzao, utawakuta msibani tangu asubuhi, wengine jikoni, wengine wamekaa na mfiwa. Ukitaka kujitolea kwa mikono yako, nenda kwao. Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, mikono haitoshi kamwe.