Waulize Wapishi: Kababu za kuku bila yai, ngano wala maziwa

Maswali ya toleo hili yote yanahusu kababu za kuku katika nyumba yenye mtu mwenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Tumeanza na lile linalobeba mengine, na jibu lake ndilo refu kuliko yote.

Mwanangu wa miaka 6 akila yai midomo inavimba na mwili unatoka vipele. Kababu nimezoea kutia yai na chenga za mkate. Nikiacha yai zinasambaratika kwenye mafuta. Nitie nini badala yake? (Mama, Tanga)

Mama, usianze kwa kutafuta mbadala wa yai. Kinachoshika kababu ni nyama yenyewe, ikitiwa chumvi na kukandwa ingali baridi. Chumvi huitoa protini ya msuli, hasa ile iitwayo miosini, kwenye nyuzi za nyama. Hapo nyama inaanza kunata, na ikipata moto inaganda na kushikana. Yai linakuja kuficha kazi ambayo haikufanyika kwenye bakuli. Chenga za mkate kazi yake ni nyingine, kushika maji ili kababu isikauke, na hiyo kiazi kinaiweza vizuri tu.

Chukua nyama ya kuku isiyo na mfupa gramu 500: paja 350 na kidari 150. Broila wa kilo 1.2 hutoa karibu kiasi hicho ukimtoa mifupa vizuri. Chumvi laini gramu 7, yaani kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha na robo. Kiazi mviringo kilichochemshwa na kupondwa, gramu 120. Kitunguu maji kimoja kidogo, kikatwe kidogo kidogo na kukamuliwa maji kwa kitambaa safi. Kitunguu saumu punje 3, tangawizi ya kutwanga kijiko cha chai 1, kotmiri kiganja kimoja, bizari nyembamba na pilipili manga nusu kijiko cha chai kila moja.

Nyama ikate vipande, iweke kwenye friza dakika 20 hadi kingo zianze kukaza, ndipo uisage. Tia chumvi peke yake, ukande kwa mkono dakika 2 au 3. Imefika pale inapoacha utando kwenye bakuli, na ukigeuza kiganja chini tonge halidondoki. Baada ya hapo ndipo viungo, kisha kiazi mwisho. Wengi hutupia kila kitu kwa pamoja. Wanga wa kiazi na maji ya kitunguu vinaingia katikati ya nyama kabla haijashikana, na hakuna yai litakalookoa mchanganyiko huo vizuri.

Kiazi nacho kina masharti yake. Kichemshe na ganda ili kisinywe maji, kiponde kwa uma kingali cha moto, kisha kiache kipoe kabisa, kwa sababu kiazi cha moto kitaanza kuipika nyama. Kisipite kwenye blenda, kitageuka utelezi unaovutika. Ndimu usiitie ndani: uchachu huzifanya protini ziachie maji na kunata kunapungua. Kamulia juu, mezani.

Lowesha mikono kwa maji baridi, viringisha kababu za gramu 30 hivi. Utapata 23 au 24. Kabla ya kuviringisha zote kaanga kipande kidogo uonje chumvi na uone kama kinashika. Kikivunjika, kanda tena dakika moja. Kikiwa bado laini mno, ongeza unga wa mchele kijiko kikubwa kimoja, si zaidi. Zipumzishe kwenye friji nusu saa.

Mafuta yafike nusu ya kimo cha kababu, moto wa wastani, nyuzi 170 hivi. Usizichokonoe dakika 2 za mwanzo. Acha upande wa chini ukaze. Kwa jumla ni dakika 8 hadi 10. Kwenye oveni, nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 18. Katikati ya kababu pawe nyuzi 74, na kipimajoto cha jikoni ndicho cha kuaminika, maana rangi hudanganya: nyama ya kuku inaweza kuwa nyeupe kabla haijaiva, au kubaki na wekundu ikiwa imeiva. Usipokuwa nacho, pasua iliyo kubwa kuliko zote: nyama iwe imekaza mpaka katikati, na maji yake yawe maangavu.

Kama mtu ana mzio wa yai, kuku mwenyewe si hatari? Na bata mzinga je? (Msomaji, Nairobi)

Wengi wenye mzio wa yai wanakula kuku bila taabu. Protini zinazowasumbua zaidi, ovomukoidi na ovalbumini, ni za ute mweupe wa yai, si za nyama. Mtoto ambaye amekuwa akila kuku bila tatizo hana sababu ya kunyimwa kwa ajili ya yai.

Wapo wachache, zaidi watu wazima, ambao mwili wao unaikataa albumini ya damu ya kuku. Hiyo imo kwenye kiini cha yai, kwenye nyama, hata kwenye vumbi la manyoya, na mara nyingine tatizo huanzia kwa kufuga ndege. Moto huipunguza nguvu, ndiyo maana mtu huyo anaweza kula kuku aliyeiva sana asipate kitu, kisha akawashwa na kababu iliyoiva nusu. Kwa mwenye mzio wa nyama ya kuku, bata mzinga, kanga na kwale si kimbilio, kwa sababu protini zao zinafanana. Tumia nyama ya ng'ombe au mbuzi mpaka daktari wa mzio aseme vingine.

Na tafadhali, kujaribu nyumbani "tuone kama bado ana mzio" si kazi ya mpishi. Mtu akivimba ulimi au koo, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au kulegea ghafla baada ya kula, mchome sindano yake ya adrenalini kama anayo na mkimbizeni hospitali papo hapo. Msisubiri dawa ya kuwashwa ifanye kazi.

Dada yangu ana ugonjwa wa siliaki. Unga gani nitie kwenye kababu, na nizivingirishe kwenye nini zipate ukoko? (Msomaji, Morogoro)

Mwenye siliaki utumbo wake hudhurika akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na nafaka za jamii yake. Mchele, mahindi, muhogo, mtama, uwele na wimbi havina gluteni. Ngano, shayiri na rai vinayo. Simolina ni ngano, ingawa wapo wanaoidhani mahindi kwa sababu ya rangi yake. Tambi za kawaida pia ni ngano. Konfleksi nyingi ni za mahindi lakini hutiwa kimea cha shayiri, kwa hiyo mwenye siliaki asizitumie mpaka pakiti iseme wazi kwamba hazina gluteni.

Tunaloliogopa zaidi, hata hivyo, ni mashine ya kusaga. Unga wako wa mchele ukisagwa baada ya ngano ya jirani, au baada ya unga wa lishe wenye soya na karanga, kilo za kwanza zinabeba mabaki ya wenzake. Kuifagia mashine hakutoshi. Nunua unga wa kiwandani wenye maelezo kwenye pakiti, au saga mchele nyumbani kwa blenda ambayo haijawahi kuona ngano wala karanga, uchunge kwa chekecheke jipya. Chekecheke la zamani lina unga kwenye matundu hata likioshwa.

Kwa ukoko, changanya unga wa mchele vijiko vikubwa 4 na sembe vijiko 2. Pembeni koroga unga wa mchele vijiko 2 na maji vijiko 3, upate uji mwepesi unaoshika kijiko. Kababu ipite kwenye uji huo, kisha kwenye unga mkavu, ipumzike dakika 10 ndipo ikaangwe. Ukoko wake hauwi mwekundu sana kama wa mkate. Ukisubiri rangi ile utakausha nyama. Kwa maoni yetu kababu hizi hazihitaji ukoko hata kidogo, ila tunajua wapo wasioziita kababu bila huo.

Mahali pa kiazi unaweza kutia muhogo uliochemshwa, ukitoa ule mzizi wa kati, au ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, kwa kipimo kilekile. Ndizi hukaza zikipoa, kwa hiyo ziponde zingali za moto. Viazi vitamu tuliviacha: sukari yake inaungua nje ndani kukiwa kubichi.

Nilipika bila yai, ngano wala maziwa, mtoto akawashwa vilevile. Kitu pekee cha dukani kilikuwa kidonge cha supu. (Mama, Mombasa)

Kidonge hicho ndicho cha kukishuku kwanza, dada. Vidonge vya supu na vikolezo vya pakiti vingi vina unga wa ngano, soya, selari au maziwa ya unga. Soma orodha ya viambato kila unaponunua, hata kama ni pakiti ileile ya siku zote, maana watengenezaji hubadilisha. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano pamoja na soya. Mvuje wa unga unaouzwa kwenye makopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Bizari na masala ya kupimwa kwa kijiko sokoni hayana orodha yoyote, na kijiko kimoja hupita kwenye magunia yote, la karanga na la ufuta likiwemo. Nunua mbegu nzima, zichambue, kaanga kavu na utwange mwenyewe. Ladha nayo inazidi.

Tazama pia soseji na nyama ya kusaga. Bucha linalotengeneza soseji kwa mashine ileile huacha mabaki ya mkate ndani yake. Nunua kuku mzima, umsage nyumbani.

Nikichuja mafuta niliyokaangia maandazi, naweza kukaangia kababu za mgeni mwenye mzio wa ngano? (Msomaji, Unguja)

Hapana. Chujio huondoa chembe kubwa, protini ndogo hubaki, na moto wa karai hauziondoi. Anza na mafuta mapya kwenye karai lililosuguliwa kwa sabuni, na chakula cha mwenye mzio kitangulie kupikwa kabla ya vingine vyote. Mafuta ya karanga na ya ufuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani yaepuke kabisa kwa mwenye mizio hiyo.

Mwiko wa mbao na ubao wa kukatia wenye mikwaruzo navyo vihesabu pamoja na mafuta. Awe na vyake.

Natumia kuku wa kienyeji, kababu zinakuwa ngumu. (Baba, Dodoma)

Kienyeji aliyekomaa ana nyuzi nene na mafuta machache. Msage mara mbili, nyama ikirudi friza dakika 10 katikati, na usage pamoja na ngozi na mafuta ya tumboni, gramu 50 kwa kila nusu kilo. Ongeza maji ya barafu vijiko vikubwa 2 wakati wa kukanda, baada ya chumvi. Kisha usizikaange hadi mwisho: zipe rangi dakika 3, uzimalizie kwenye mchuzi wa nyanya au tui la nazi, moto mdogo, sufuria imefunikwa, dakika 20. Mchuzi ukichemka kwa fujo zitakaza upya.

Na kuku usimwoshe kwa maji ya bomba kabla ya kumkata. Najua mama zetu watapinga, lakini maji yanarusha vijidudu vya salmonela na kampilobakta kwenye sinki na kwenye kachumbari iliyo pembeni. Mfute kwa karatasi, tupa karatasi, osha mikono.

Naweza kuandaa nyingi na kugandisha? (Mama, Arusha)

Ndiyo. Zigandishe mbichi kwenye sinia zikiwa hazigusani, saa 2 au 3, kisha zitie kwenye mfuko na uandike tarehe na viambato. Friza hukaa hadi miezi 3. Kwenye friji mbichi ni siku 1 au 2, zilizopikwa ni 3 au 4. Kama kiazi kilikuwa na maji mengi zitavuja zikiyeyuka, kwa hiyo zipike zingali zimeganda, kwenye oveni, ukiongeza dakika 6 hadi 8. Kwenye mafuta ya moto barafu hurusha. Za shule zipashe hadi katikati zitoe mvuke, na mkebe uwe na jina la mtoto juu yake.