Kabla hujawasha grainda, panda kwanza kwenye tenki

Mbukwenyi vijana wa bomba. Jana nimepita saiti moja kule Nzuguni, hapa Dodoma, nimemkuta dogo kapiga goti kwenye tailizi za watu, grainda ya inchi 9 mkononi, kava limetolewa, miwani iko kwenye nywele, namuuliza bomba limepita wapi ananijibu tutaliona tu bro. Usingizi umekata, acha niandike.

1. Kava halitolewi. Diski ikipasuka kitu cha kwanza kinachozuia vipande visikuje usoni ni hilo. Na diski ya meno ya kukatia mbao haifungwi kwenye grainda, hata fundi wako akikwambia yeye ndo zake.

2. Vumbi la zege lina silika, likishakaa kwenye mapafu halitoki. Vaa barakoa ya vumbi, fulana ya kufunga mdomoni haisaidii.

3. Kina. Grainda ya inchi nne na nusu inazama karibu sentimita 3, ya inchi 9 inafika hata 6, na PPR, yaani mabomba ya plastiki ya maji, za nyumba zetu nyingi zimelazwa juu juu. Kata tailizi tu, kinachobaki malizia na tindo na nyundo, taratibu.

Hili nalijua kwa machungu. Mwaka wangu wa pili kazini, nyumba moja Ilazo, mama mmoja anataka sinki lihamie upande wa dirishani. Nikafunga koki ya mita, nikajiona nimemaliza, bomba la jikoni sikulifungua kuhakikisha, nikazamisha diski yote kwa mkupuo mmoja. Maji yakaruka mpaka kifuani, grainda nimeitupa, namshukuru Mungu umeme haukunipiga. Nakimbia kwenye mita, koki imefungwa! Nikasimama pale nimeishika, sielewi, maji bado nayasikia ndani. Kumbe tenki la lita 2000 liko juu ya mnara na ndilo linalolisha nyumba nzima, geti valvu, yaani koki ya kulifungia, iko kule kule juu, na ngazi sina. Mpaka tupate ngazi kwa jirani, sebule imejaa, na stoo kulikuwa na magunia mawili ya uwele.

Yule mama hakunigombeza. Alichukua ndoo na tambara akaanza kukamua, akasema mwanangu, haya ndo yalikuwa maji yetu mpaka mgao ujao. Tenki lenyewe walikuwa wamelijaza usiku wa kuamkia siku ile. Nililipa boza, nikalipa uwele, hela ya kazi ikaishia hapo na nyingine nikakopa, ila sauti yake mpaka leo naisikia kila nikichomeka waya.

4. Kwahiyo funga mita, funga tenki, fungua bomba la chini kabisa usubiri likauke. Muulize mwenye nyumba waya za umeme zimepita wapi. Piga picha mabomba kabla hujafukia, atakayekuja baada yako atakushukuru.

Dogo wa Nzuguni, kesho saa 2 asubuhi nakuja na ngazi yangu, usiwashe kitu mpaka nifike.