Breki laini na mbele kuzama: pikipiki ya Honda ST1100 ya 1993

Kaka, nimekuelewa: ukishuka mlima Kitonga na mizigo, mkono wa breki unalainika hadi unakaribia kugusa usukani, na ukikamata kwa nguvu mbele kunazama. Usikimbilie kununua pedi. Hayo ni matatizo mawili.

Anza na mafuta ya breki. DOT 4, yaani aina ya mafuta ya breki yako, hunyonya unyevu. Breki zikipata moto, maji hayo huchemka na kuwa mvuke, nao unabonyea. Ndiyo ule ulaini. Badilisha yote, usiongezee tu, na urudie kila baada ya miaka 2. DOT 5 usiiguse, hiyo ni ya silikoni. Funika sehemu zilizopakwa rangi kwa kitambaa kinene, maana mafuta ya breki yakidondoka yanakula rangi.

Mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, kama bado ni ya kiwandani, mimi ningeitupa bila kuuliza. Huziba kwa ndani huku nje inang'aa. Inua gurudumu, kamata breki, achia, zungusha. Likiwa zito, ama mpira umeziba ama pistoni za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) zimeganda.

Mbele, pitisha kidole kwenye bomba la foku, yaani shokapu ya mbele. Ukikuta mafuta, sili zimekufa. Na yakishalowa kwenye pedi, pedi hizo ni za kutupa. Kama pakavu, huenda springi zimelegea au mafuta ya foku yamechoka. Shokapu ya nyuma ikiendelea kudunda baada ya tuta, nayo imekwisha.

Kama yako ina ABS (mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge), kazi ya kutoa upepo mpe fundi anayeijua, na kabla ya hapo usibebe abiria.